Uji Ulioziba Tangi la Nyaramba

Tangi la maji la Nyaramba lilijengwa kwa vichwa vya wanawake. Hilo Drusilla Nyakerario hakuhadithiwa, alikuwepo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, akipanda mlima nyuma ya mama yake, Bathsheba, kila mmoja na jiwe lake kichwani, na wanawake wengine wa kikundi chao mbele na nyuma wakiimba nyimbo za kanisani hadi pumzi zikawaishia. Tangi liliposimama, maji ya chemchemi yakateremka kwa mabomba mpaka zahanati, shule ya msingi na soko, na wanawake wa Nyaramba wakaacha kushuka bondeni na mitungi.

Miaka arobaini ikapita. Drusilla akawa mwashi, kisha mwalimu wa uashi katika chuo kidogo cha ufundi karibu na soko. Na tangi likaanza kulia.

Lilianza kwa unyevu ukutani, kama jasho. Kisha vijito vyembamba vikachomoza kati ya mawe, na mwaka huo, baada ya mvua kubwa za Aprili, tangi lililojaa saa kumi na mbili jioni lilikuwa nusu kufikia alfajiri. Zahanati ilianza kuomba akina mama wajawazito waje na maji yao wenyewe. Ndipo ofisi ya maji ikamtuma mhandisi, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyeitwa Ronny Anyona, mwenyeji wa upande wa Keumbu. Alilizunguka tangi siku mbili akigongagonga kwa nyundo ndogo na kuandika. Siku ya tatu mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Abner, akaita mkutano mlimani, kando ya tangi.

"Ukuta umekuwa na mapengo ndani," Ronny akaeleza. "Saruji iliyoshika mawe imeoshwa na maji. Pendekezo langu ni libomolewe lijengwe upya. Itachukua miezi minane, kumi hivi."

Watu wakaguna. Miezi kumi bila maji! Drusilla akasimama, mikono yake mikavu ameikunja nyuma.

"Injinia, mimi nimelikagua tangi hilo tangu lilipoanza kuvuja," alisema. "Mawe hayajachoka. Kilichochoka ni kile kilicho katikati yake. Tukitoboa matundu, tukaingiza mirija, tukasukuma uji wa saruji mpaka ujaze kila pengo, ukuta utashikana tena."

Ronny hakucheka, wala hakumkatiza. "Mwalimu, nimewahi kujaribu hivyo mahali pengine. Uji wa saruji na maji matupu una tabia mbaya. Ukiufanya mzito, hauingii kwenye nyufa. Ukiufanya mwepesi, unaingia, halafu saruji inazama chini na maji yanaelea juu. Maji yakikauka, pengo linabaki palepale."

"Basi tutautafutia kitu cha kuuchanganya nao. Mimi najua uji mzuri nikiushika."

"Mkono wako nauamini," Ronny akasema polepole. "Lakini siwezi kuupigia mkono muhuri. Niletee namba, nami nitaipigia muhuri."

Akampa wiki tatu. Kabla ya kuondoka alifungua buti la gari lake akamwachia vitu viwili: koni ndogo ya chuma iliyo wazi juu na chini, na kipande cha kioo cha dirisha. Alimwonyesha matumizi yake pale pale juu ya ukuta wa tangi. Unaweka koni juu ya kioo, unaijaza uji, unaiinua. Uji unamwagika na kutengeneza duara. Unapima upana wa duara kwa rula. "Duara dogo, uji mkaidi. Duara kubwa, uji mtiifu. Nataka sentimita kumi na sita au zaidi. Halafu ujaze uji mwingine kwenye chupa nyeupe ya soda, uuache saa mbili. Nisione maji juu yake."

Drusilla alivibeba vile vitu nyumbani huku moyoni akiviona vya kitoto. Yeye aliyepiga lipu nyumba zisizo na idadi, leo anapimwa kwa kikombe kisicho na kitako!

Alianza siku iliyofuata, baada ya masomo, kwenye karakana ya chuo. Saruji na maji peke yake ilifanya kama Ronny alivyosema: duara likaenea vizuri, sentimita kumi na nane, lakini kwenye chupa maji yakasimama juu vidole viwili, angavu kabisa. Alihitaji unga mwingine, mwembamba, wa kuyashika yale maji yasipande.

Kwanza akajaribu jivu kutoka tanuri la kiwanda cha majani chai. Alilichekecha mpaka likawa laini kama poda, akapunguza saruji kidogo, akaweka jivu mahali pake. Uji ukawa mweusi, na alipoinua koni, ulisimama wima kama ugali wa wimbi uliosongwa na mtu mwenye hasira. Jivu lilikuwa limejaa vipande vya mkaa, na mkaa ulikuwa umeyafyonza maji yote.

Akageukia matofali ya kuchoma, ambayo katika kaunti ya Nyamira hayakosekani. Alikusanya vipande vilivyovunjika akampelekea Duncan, mwenye kisiagi pale sokoni.

"Mwalimu, unataka nisage tofali?" Duncan alimtazama kama mtu aliyeambiwa asage mwiba. "Watu watakula changarawe mwaka mzima!"

"Una mashine ile kuukuu ya chakula cha ng'ombe. Haiwezi kuharibika zaidi ya ilivyoharibika."

Duncan akacheka, akaiwasha. Unga mwekundu ukatoka, mwembamba wa kuparaza koo. Drusilla akauchanganya na saruji, na mara hii chupa ikamfurahisha: baada ya saa mbili hapakuwa na tone la maji juu. Lakini koni ilimvunja moyo. Uji ulikaa juu ya kioo kama ng'ombe aliyekataa kuingia josho. Sentimita nane na nusu. Alipoongeza maji ulianza kutembea, lakini vipande alivyovigandisha siku chache vikawa dhaifu, vikivunjika kwa kidole.

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili ikaelekea huko huko. Daftari likajaa namba zilizokatwa kwa mstari. Nyumbani, mama yake Bathsheba, ambaye sasa alikuwa na miaka themanini na miwili na masikio makali kuliko ya paka, alimsikia akihema jikoni.

"Umeshindwa?" aliuliza kwa Ekegusii, bila kuzunguka.

"Bado, mama."

"Basi kula, kesho uendelee kutoshindwa."

Jumapili ya wiki hiyo ya pili Drusilla alikuwa shambani kwake akinyunyiza chokaa. Udongo wa huko ni mchachu, na wakulima huununulia chokaa ya shambani, ambayo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, hayakupitia moto. Kulikuwa na manyunyu. Drusilla alikuwa na gao la unga kiganjani alipoona tone la mvua limetua juu yake. Tone halikuzama. Lilikaa pale, la mviringo, likitetemeka.

Akasimama katikati ya mahindi bila kusogea.

Kisha akakimbia. Alifika karakana na matope ya shamba magotini, akamimina vilima viwili vidogo mezani, kimoja cha unga wa tofali na kingine cha chokaa, akadondosha tone la maji juu ya kila kimoja. Tofali lilimeza tone lake kabla hajapepesa macho. Chokaa ililiacha likae kwanza, kisha likazama taratibu, kwa uvivu.

"Huyu ana kiu," alisema kwa sauti, akionyesha kilima chekundu kama vile darasa lilikuwepo. "Huyu hana."

Hapo mambo yakajipanga kichwani mwake. Chembe za tofali zina vitundu na kingo kali. Zinakunywa maji na kukwaruzana zenyewe kwa zenyewe, ndiyo sababu uji unakuwa mkaidi. Lakini kiu hiyo hiyo ndiyo inayozuia maji kuelea. Hakutaka kuiondoa, alitaka kuipunguza. Na chembe za chokaa, zikiwa ndogo vya kutosha, zingeingia katikati ya zile nyingine, zijaze nafasi ambazo maji yalikuwa yamejificha, na maji hayo yatoke yafanye kazi ya kulainisha njia. Sharti ziwe ndogo kweli. Aliichekecha chokaa kwa kitambaa cha pamba, akatupa yote iliyobaki juu.

Hakupata mara moja. Alianza na tofali nyingi na chokaa kidogo, akabadilisha kijiko kwa kijiko, akiandika kila kitu. Jaribio la kumi na nne lilikuwa sehemu saba za saruji, mbili za chokaa na moja ya tofali. Alipoinua koni, uji uliteremka pande zote kwa mwendo mmoja, bila kusita, ukang'aa, ukasimama. Rula ikasema kumi na saba. Akajaza chupa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akaitazama saa mbili nzima kama mtu anayechunga maziwa motoni. Hapakuwa na maji juu.

Drusilla hakupiga kelele. Aliinuka, akaifuta koni kwa pindo la aproni yake, polepole, kwa heshima ambayo hakuwa ameipa siku ya kwanza.

Ronny alikuja siku mbili baadaye. Alirudia jaribio mwenyewe mara tatu, kwa mikono yake, akapata kumi na saba, kumi na saba, kumi na sita na nusu. Vipande ambavyo Drusilla alikuwa amevigandisha kwa uji huo mpya alivibeba akaenda kuvivunja kwenye mashine ya kupimia nguvu, na jibu likarudi kwamba vinatosha, na vingeendelea kupata nguvu kwa wiki kadhaa. Siku ya kuleta jibu hilo alipita nyumbani kwa Drusilla, na Bathsheba akamkaribisha uji wa wimbi.

"Kuna kitu kimoja zaidi, Mwalimu," alisema Ronny akiwa ameshika kikombe. "Uji huu unahitaji nguvu mbili tofauti. Kuna nguvu ya kuuamsha, na kuna nguvu ya kuuendesha ukishaamka. Ukitulia, unalala. Kadiri unavyolala ndivyo unavyokuwa mgumu kuamka. Siku ya kazi pampu isisimame."

Drusilla alipomtafsiria mama yake, Bathsheba alipiga goti lake. "Amesoma mpaka chuo kikuu ili ajue hilo? Acha uji mezani uone kama hautalala! Koroga, utaamka."

Ronny alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Siku ya kazi watu walijaa mlimani kama siku ya mazishi ya mtu mkubwa. Maji yalikuwa yamefungwa tangu Jumatatu na tangi lilikuwa tupu. Ukuta ulikuwa umetobolewa matundu safu tatu, kila tundu na mrija wake mfupi wa plastiki. Marion, mwashi aliyefundishwa na Drusilla na kuwapita wanaume wengi wa darasa lake, alishika mpini wa pampu. Magunia ya chokaa yalikuwa yameletwa asubuhi na pikipiki kutoka duka moja, kwa kuwa ile ya awali haikutosha ukuta mzima.

Drusilla alichanganya pipa la kwanza. Akaingiza mkono, akasugua uji kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Ukamnata. Akasugua tena.

"Mwalimu, tuanze?" Marion aliuliza.

"Ngoja."

Alitia uji kwenye koni, akaiinua mbele ya watu wote. Duara lilienda kidogo likakwama. Sentimita tisa.

Minong'ono ikaanza. Mzee Abner akasogea, fimbo mkononi. "Mwalimu, watu wamekaa siku tatu bila maji. Ongeza maji kidogo kwenye hilo pipa tuendelee."

"Nikiongeza maji utaingia, Mzee. Na mwaka kesho tutakuwa hapa tena, tukibomoa."

"Watu watasema umeshindwa."

Drusilla aliwatazama wale watu. Alimwona Duncan na mavumbi yake ya kisiagi, alimwona nesi wa zahanati, aliwaona wanafunzi wake. Uso ulimwaka. "Waseme leo. Uji huu hauingii kwenye ukuta."

Akaenda kwenye magunia. Alilifungua moja, akachota unga, akadondosha tone la maji. Tone likatoweka. Akausugua mkononi: ulikuwa laini mno na mweupe mno, ukateleza kama poda ya mtoto. Ronny akainama kando yake, akayasoma maandishi ya pembeni mwa gunia.

"Hii ni chokaa ya kupaka ukuta," alisema. "Ile iliyochomwa ikazimwa kwa maji. Rangi karibu moja, jina moja, tabia mbali kabisa. Hii ingekunywa maji kuliko hata tofali." Akamtazama. "Umejuaje kabla ya koni?"

"Uji umeninata. Lakini mkono haupigiwi muhuri, si ndivyo? Ndiyo maana nimepima."

Pipa lile likamwagwa. Ronny akawasha gari, wakashuka wote wawili mpaka Keumbu. Katika duka la tatu la pembejeo walipata chokaa ya shambani. Drusilla alidondosha tone juu ya kila gunia kabla halijapakiwa, muuzaji akimtazama mdomo wazi. Usiku huo hawakugusa kazi. Wanawake wa mtaa walikaa naye jioni nzima wakichekecha unga kwa vitambaa, mpaka nyusi zao zote zikawa nyeupe.

Kesho yake koni ilisema kumi na saba. Drusilla akainua kichwa. "Marion, sukuma."

Walianzia safu ya chini. Uji uliingia ukutani kimya kimya, pipa moja, mapipa mawili, na hakuna aliyeweza kuona ulikokwenda. Katikati ya pipa la nne vali ya pampu ilikwama. Ronny akaifungua haraka, lakini dakika kumi na tano zikapita, na Marion aliposhika mpini tena, haukusogea.

"Umelala," Drusilla akasema. "Msisukume kwa nguvu, mtapasua mpira wa pampu. Uamsheni!"

Wawili wakakoroga pipa. Wengine wakaushika mpira kwa urefu wake wote, wakautikisa na kuupigapiga kwa viganja, kama watu wanaomwamsha mlevi bila kutaka kumuumiza. Marion akajaribu taratibu. Mpini ukaguna, ukakataa, kisha ukateremka wenyewe.

Saa nane mchana, nesi wa zahanati alikuwa wa kwanza kuona. "Juu! Tazameni juu!"

Kwenye mrija wa safu ya juu kabisa, upande wa pili wa ukuta, mbali na pampu, ulimi wa kijivu ulikuwa unachungulia. Ukarefuka, ukadondoka. Uji ulikuwa umepita ndani ya ukuta mzima, kati ya mawe yote, ukatokea kule. Vigelegele vikapasuka. Drusilla alipanda ngazi, akakinga uji ule kwa kiganja. Ulikuwa mzito sawasawa na ulioingia, haukuachana na maji yake. Akaziba mrija kwa kijiti, na ilibidi akae juu ya ngazi kidogo kwa sababu macho yalikuwa yamejaa na hakutaka kukosa kidato.

Ukuta ulifunikwa magunia mabichi wiki nne. Wakati huo maji ya chemchemi yalipitishwa pembeni kwa bomba la muda, kidogo kidogo, na hakuna aliyelalamika. Ijumaa ya mwisho tangi lilijazwa, na Ronny akachora mstari wa chaki nyekundu pale maji yalipofikia, kisha akafunga koki zote. Sabato, ambayo kwao ni Jumamosi, ikaingia. Hakuna aliyefanya kazi, hakuna aliyechota. Kanisani mhubiri alihubiri vizuri, lakini nusu ya waumini walikuwa kiroho mlimani.

Jumapili asubuhi walipanda. Maji yalikuwa kwenye mstari. Nje, ukuta ulikuwa mkavu kuanzia juu hadi chini, na mjusi alikuwa akijianika juu yake. Mzee Abner alipitisha kiganja kwenye mawe, akakitazama, akakipitisha tena. "Mwalimu," alisema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Ronny alitoa fomu ya ofisi kwenye bahasha. Alikuwa ameijaza yote isipokuwa sehemu moja, iliyoandikwa: Aliyebuni mchanganyiko.

"Andika wewe," alisema. "Mimi nilipima tu."

Drusilla aliandika jina lake lote kwa herufi kubwa, kama anavyowafundisha wanafunzi kuandika kwenye michoro: DRUSILLA NYAKERARIO, MWASHI. Ronny alipiga muhuri chini yake, hapo hapo mlimani, akiegemea buti la gari.

Mwezi uliofuata walikwenda pamoja Marani, ambako kulikuwa na tangi jingine linalovuja. Mafundi wa huko, wanaume sita wenye makoti ya kazi, walimsalimu Ronny kwa adabu na kumzunguka wakingoja maelekezo.

"Mimi dereva leo," alisema Ronny. "Muulizeni Mwalimu."

Sita wale wakageuka. Drusilla alikuwa tayari amechuchumaa kando ya ukuta, kidole ndani ya ufa, akiupima upana wake.

"Huku kwenu mnachoma matofali?" aliuliza bila kuinuka. "Nileteeni yaliyovunjika. Na mtu anioneshe mahali mnaponunua chokaa."